Je, Wema Wenye Malipo ni Wema?



Katika mkutano uliopita wa baraza la parishi, vijana wetu walileta ombi. Waliomba kwamba wale wanaotoka kila Jumamosi kuzibua mitaro iliyo kati ya kanisa na soko waandikwe katika daftari, wahesabiwe alama kwa kazi yao, na mwisho wa mwaka wenye alama nyingi wafikiriwe kwanza katika mfuko wa karo wa kanisa. Kijana aliyesimama kusema alisema vizuri, bila woga, akaketi. Ndipo mzee mmoja ambaye sote twamheshimu akainuka, akasema maneno machache tu: kwamba katika parishi hii watu wamefagia kanisa, wamepamba madhabahu na kuzika maiti kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuandikiwa alama, na kwamba mtoto akizoea kulipwa kwa wema, siku malipo yatakapokoma na wema utakoma. Wengi waliitikia kwa vichwa. Shauri likaahirishwa.

Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo hili, labda kwa kuwa nilifundisha shule za msingi, na mwalimu huishi kwa kutoa alama. Nakiri tangu mwanzo kwamba siku ile moyo wangu ulikuwa upande wa mzee. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba vijana wamekosea. Baada ya majuma kadhaa ya kufikiri sina hakika hiyo tena, na ningependa kueleza kwa nini, ingawa si kila fundo nimeweza kulifungua.

Swali lenyewe ni la kale. Bwana wetu, katika mafundisho yake ya mlimani, aliwaonya wanaotoa sadaka mbele za watu ili wasifiwe, kwamba hao wamekwisha kupata ujira wao. Karne nyingi baadaye Mjerumani mmoja, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alileta mfano wa mwenye duka ambaye hampunji hata mtoto aliyetumwa kununua kitu. Mtoto ametendewa haki. Lakini je, mwenye duka huyo ni mtu mwema, au anaogopa tu kupoteza wateja? Kant alisema tendo la namna hiyo linapatana na haki, bali halina thamani ya wema ndani yake, kwa kuwa halikutendwa kwa ajili ya wajibu. Sidhani kama mzee wetu amemsoma Kant, ila wangeelewana sana.

Upande wa vijana yupo mtu mkubwa pia. Aristotle wa Ugiriki alifundisha, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, kwamba hatuzaliwi tukiwa wenye haki. Tunakuwa wenye haki kwa kutenda mambo ya haki, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mkono hutangulia, moyo ukafuata. Kila aliyefundisha darasa la kwanza analijua jambo hili. Mtoto mdogo hasemi asante kwa sababu anashukuru. Anasema asante kwa sababu mama yake amemkazia macho, na shukrani yenyewe huja baadaye, pengine miaka mingi baadaye.

Tukiwaacha hao wawili wabishane hatutafika. Afadhali tuangalie mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa vitendo, na mahali penyewe si mbali: ni Mathare, hapa hapa Nairobi.

Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akishughulikia mambo ya mazingira na maendeleo, aliwaona watoto wa Mathare wakicheza mpira walioufunga wenyewe kwa makaratasi ya nailoni na kamba. Kutokana na hayo ikaanzishwa ligi ya watoto iliyoitwa Mathare Youth Sports Association, ambayo wengi huijua kwa kifupi MYSA. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleza: ukifanya jambo, na chama kitafanya jambo, usipofanya, na chama hakitafanya. Wakati ule takataka za Mathare hazikuzolewa. Mitaro ilijaa, maji machafu yakapita milangoni mwa watu, watoto wakaugua. Basi ikawekwa kanuni ambayo sijaisikia katika ligi nyingine yoyote. Timu ikishinda mchezo yapata alama tatu, kama kawaida. Timu ikimaliza kazi yake ya kusafisha mtaa yapata alama sita. Sita! Maana yake ni kwamba timu yenye wachezaji hodari, lakini wavivu wa kushika reki na koleo, yaweza kupitwa na watoto wasiojua hata kupiga chenga.

Chama kikakua. Mwaka 1992 kilipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na mwaka huo huo wasichana nao wakaanza kucheza. Mwaka 1994 ikaundwa timu ya wakubwa, Mathare United, ambayo wachezaji wake walitakiwa kufanya saa kadhaa za kazi ya jamii kila mwezi mbali na mazoezi. Mwaka 1998 ikachukua Kombe la Dhahabu la Moi. Watoto waliocheza katika ligi za chama walifika kupita 20,000. Vijana waliojitolea kuwa makocha, marefa na waangalizi wa usafi nao walihesabiwa alama zao, na waliojitahidi zaidi wakasaidiwa karo, fedha zikipelekwa shuleni moja kwa moja bila kupitia mkononi mwa mtu. Kila kanda ilijichagulia viongozi wake miongoni mwa vijana wenyewe. Kama mnavyoona, vijana wetu hawakubuni ombi lao. Wameliokota kwa jirani.

Nilipozifikiri habari hizi mara ya kwanza nilisema moyoni: hawa watoto wamenunuliwa. Kisha nikaona jambo nililokuwa nimelipita haraka. Zile alama sita hapewi mtoto. Inapewa timu. Mtoto asiyetokea siku ya kazi hajipunji yeye tu. Anawapunja wenzake kumi, na kesho yake atakutana nao kwenye bomba la maji. Hahitajiki mwalimu wa kumwandika jina. Na kazi yenyewe haifichiki: mtaro ama unapitisha maji ama haupitishi, na mama anayefua nguo kando yake ndiye shahidi. Mtoto alikuja kwa ajili ya mpira, ndiyo, tusidanganyane. Lakini alipofika alijikuta anadaiwa na watu anaowaona kwa macho. Naamini hapo ndipo kitu kinapoanza kugeuka ndani ya mtoto, na si katika zile sita.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuunda kiongozi kwa njia nyingine, na matokeo yake nayajua.

Ilikuwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana aliyetoka chuo cha ualimu na maarifa mengi kichwani. Nilipewa darasa la sita lenye watoto zaidi ya hamsini. Nilichagua kiranja kama walimu wote walivyochagua: mvulana safi, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, aliyesimama wima nilipoingia mlangoni. Kazi zake zilikuwa mbili. Nikitoka darasani, aandike majina ya wapiga kelele. Na siku za maziwa ya Nyayo, agawe pakiti. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile pakiti za pembe tatu. Serikali ilianza kuzigawa shuleni mwaka 1979, na kwa baadhi ya watoto ndizo zilizokuwa chakula cha mchana.

Kila siku nilirudi darasani, nikaipokea orodha, nikaita majina, nikapiga viboko. Siku hizo viboko vilikuwa halali. Vilipigwa marufuku mwaka 2001. Majina katika orodha yalibadilika-badilika, ila jina la msichana mmoja halikukosa. Nikamhesabu kuwa mtoto sugu, hata nikamwita mama yake nikamwambia hivyo. Muhula mzima ulipita kabla sijajua, tena kwa bahati tu, kwamba kiranja wangu alikuwa na bei. Aliyempa maziwa yake hakuandikwa. Yule msichana alikuwa akiipeleka pakiti yake nyumbani kwa mdogo wake, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kutoa. Akaandikwa kila siku, akachapwa kila siku.

Nilimvua kiranja cheo, nikamchapa naye, nikaona haki imetendeka. Haikunijia kwamba mimi ndiye niliyempa kalamu, karatasi na maziwa, kisha nikatoka nje na kufunga mlango. Wala sikumwomba msichana radhi; mwalimu hakumwomba mtoto radhi siku zile. Miaka michache iliyopita nilikutana naye sokoni, mtu mzima mwenye meza yake ya mboga. Alinifungia sukuma wiki, akakataa pesa yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: "Mwalimu, mimi sikuwa napiga kelele." Nikamwambia najua. Pale mbele ya wateja sikuweza kusema zaidi. Nikarudi juma lililofuata, nikasema yaliyonipasa kusema. Alicheka kidogo, akaniuliza habari za magoti yangu.

Sasa basi, kiranja yule hakupewa na mimi alama hata moja. Alitumika bure, sawasawa na vile mzee wetu anavyotaka vijana watumike. Kutolipwa hakukumfanya kuwa mwema. Kilichomharibu ni kwamba aliwekwa juu ya wenzake na mtu asiyekuwapo, akapewa uwezo wa kuwaumiza, na miongoni mwao hakuna aliyeweza kumwuliza neno. Shule zetu ziliendelea kwa mtindo huo muda mrefu. Katika shule za bweni viranja wakapewa vyumba vyao na upendeleo wao, hata chuki ikakomaa. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana kule Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani usiku wakachomwa moto na wanafunzi wenzao, wakafa. Uovu ule ni wa waliowasha moto, wala siwapunguzii kitu. Lakini sisi walimu, tulipowalilia vijana wale wanne, ilitupasa pia kujiuliza tulikuwa tumewaweka mahali gani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, likaundwa baraza la wanafunzi wa shule za upili la nchi nzima, na shule zikahimizwa kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura.

Ni ajabu kwamba katika Nyeri hiyo hiyo ndiko alikozikwa Baden-Powell, mwaka 1941. Mtu yule, pamoja na makosa ya wakati wake, aliijua siri moja: aliwapanga maskauti katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wa rika lao anayelala nao hema moja na kula nao sufuria moja. Beji zilikuwa za kushonwa juu ya hayo.

Katika ligi ya Mathare, kadiri nionavyo, cheo kinamwongezea kijana kazi. Anayeitwa kiongozi ni yule anayepanga ratiba, anayepuliza filimbi, anayehakikisha vifaa vimerudi. Kijana wa miaka 15 anayekuwa refa wa mchezo wa wadogo zake anajifunza kitu ambacho sikuweza kumfundisha kiranja wangu: kutoa hukumu mbele ya watu wote, palepale, huku anayeonewa ana mdomo wa kusema.

Mzee aliuliza malipo yakikoma itakuwaje. Mathare wameonja hilo nalo. Timu yao kubwa ilichukua ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Mwaka ule ulianza kwa nyumba za Mathare kuchomwa na majirani kuwindana kwa sababu ya kabila na kura, na kabla haujaisha vijana wa makabila mbalimbali waliovaa jezi moja ya mtaa ule walikuwa mabingwa wa Kenya. Nalikumbuka kila nikisikia mtu akisema mpira ni upuuzi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2020 timu hiyo hiyo iliishiwa fedha hata ikapoteza nafasi yake katika ligi kuu. Basi mzee ana haki ya kuogopa. Kitu kinachotegemea fedha huyumba fedha zinapoyumba. Mimi nauliza tu: je, yule aliyepuliza filimbi akiwa mtoto, anasahau kuamua kwa haki siku timu inaposhuka daraja? Siamini hivyo. Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa kuahidiwa peremende hasahau kusoma peremende zikiisha. Lakini ni kweli pia kwamba wengine husoma mpaka peremende ya mwisho, wakafunga kitabu. Nimewafundisha wa aina zote mbili.

Liko pingamizi jingine zito kuliko la mzee, na nashangaa hakuna aliyelitaja mkutanoni. Kuzoa takataka na kuzibua mitaro ni kazi ya nani? Ilikuwa kazi ya baraza la jiji, na tangu mwaka 2013 ni kazi ya serikali ya kaunti. Maskini hulipa kodi katika kila kipande cha sabuni anunuacho. Je, si dhuluma kumfundisha mtoto wake kwamba yeye ndiye wa kuingia mtaroni, hali katika mitaa ya matajiri kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye mshahara, kisha sisi tumsifu kwa moyo wake wa kujitolea? Mwezi wa Aprili 2024 mvua ilifurisha mto Mathare, watu wakafa, nyumba zikachukuliwa na maji, na baadaye serikali ikabomoa nyingine zilizosalia kando ya mto. Hakuna alama za ligi ziwezazo kuzuia msiba kama ule, na mtu anayewaambia watoto kwamba reki zingetosha anawadanganya.

Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Ila nimeona jambo moja katika maisha yangu. Mtu asiyewahi kushika koleo hulalamika kwa jumla: jiji ni chafu, serikali ni mbaya. Aliyelishika hulalamika kwa hesabu. Anajua mtaro una hatua ngapi, umeziba kwenye daraja lipi, na baada ya kuzibuliwa ulijaa tena kwa siku ngapi. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumfukuza ofisini. Kama kazi ya Jumamosi itawafanya vijana wetu kuwa wasumbufu wa aina hiyo siku ya Jumatatu, nitaiunga mkono. Kama itawafanya wanyamaze, nitakuwa upande wa wanaoipinga.

Na wasumbufu tunao tayari. Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Juni, vijana wa nchi nzima walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge. Wengine walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Sitaandika hapa nani alikuwa na haki katika kila jambo. Nataka kutaja neno moja walilolisema, ambalo liliwaudhi wengi wa rika langu: kwamba hawana kiongozi, wala hawamtaki. Tulisema huo ni upumbavu, watu hawawezi kwenda bila kichwa. Kisha nikamkumbuka kiranja wangu. Vijana hawa wamekua wakimwona kila anayesimamishwa mbele yao akiwa na orodha mkononi na bei mfukoni. Wakaona heri kusiwe na mtu wa kununuliwa. Sisemi wameipata dawa, kwa maana wasio na kiongozi hawana pia wa kuulizwa mambo yakiharibika. Lakini ugonjwa wameutambua, tena mapema kuliko sisi.

Nirudi kwetu. Badala ya alama, baraza lilionekana kupenda shauri la semina ya uongozi: siku tatu, mgeni wa kufundisha, chakula, fulana na vyeti. Nimehudhuria semina nyingi katika utumishi wangu. Vyeti vyake vimejaa bahasha mbili kubwa kabatini. Sikumbuki hata moja iliyonikabidhi kitu cha kuharibu. Nimesema kuharibu kwa makusudi. Kijana hawezi kujifunza uongozi mpaka apewe mkononi kitu ambacho akikizembea mtu mwingine ataumia, na ajue hivyo, na huyo mtu mwingine aweze kumwambia. Siku tatu za ubao na chaki haziwezi kumpa hilo. Tena mzee wetu akumbuke kwamba fulana, chakula na cheti ni malipo pia. Tofauti ni kwamba hakuna mtaro uliozibuliwa.

Kwa hiyo ningependa tuwakubalie vijana, kwa namna hii. Alama ziandikwe kwa makundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Makundi yafuate sehemu wanazotoka. Daftari likae kwao, na lisomwe wazi Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, wakati wa matangazo. Wa kusema mtaro umezibuka au haukuzibuka wawe akina mama wa sokoni, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu, na Waislamu wamo. Na sehemu ya mfuko wa karo igawanywe na kamati ya vijana wenyewe, hesabu ikiwa mbele ya macho ya watu wote. Mtu mmoja ameniuliza njiani: na wakizila fedha? Nilimjibu kwamba yawezekana. Hesabu za mwaka jana, za sisi wazee, zilisomwa miezi minne baada ya wakati wake, na hakuna aliyetuvua cheo.

Linalonisumbua zaidi ni wale ambao daftari haliwezi kuwaona. Msichana anayebaki nyumbani Jumamosi kulea wadogo zake na kuchota maji, ili kaka yake aende mtaroni, hapati kitu. Kaka anaandikiwa. Mwisho wa mwaka kaka atasaidiwa karo kwa kazi ya watu wawili. Yule mtoto wangu wa maziwa, pamoja na wema wote ule wa kumpelekea mdogo wake pakiti bila kumwambia mtu, katika daftari hili angekuwa na sufuri, kama vile katika orodha yangu alivyokuwa na viboko. Mathare wenyewe walichukua miaka mitano, tangu 1987 mpaka 1992, kabla ya wasichana kupata mpira wao, na sidhani ni kwa sababu wasichana hawakuutaka. Hapa namrudia mzee na kumpa mkono: upo wema ambao ukiuhesabu unauua, na upo mwingine ambao hauhesabiki kabisa. Mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Bwana wetu, yule aliyewalipa wa saa kumi na moja sawa na walioanza alfajiri, asingefaa hata siku moja kuwa katibu wa ligi.

Sijui namna ya kuiandika neema kama ile katika daftari la mistari. Shauri langu ni la mtu wa kawaida: nusu ya mfuko wa karo isiguswe na alama hata kidogo, igawanywe kwa kuangalia mahitaji kama zamani, na Umoja wa Akina Mama wakae na wasichana wawaulize ni siku gani na saa ngapi wanaweza kutoka, kabla ya kuamua kwamba kazi ni Jumamosi asubuhi. Nimemtajia jambo hili mwenyekiti wao. Alinitazama kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuulizwa.

Baraza litakutana tena baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mzee wetu na mimi tumekwisha kuketi mara mbili kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya vikari. Bado hazikubali alama. Lakini juzi alikwenda mwenyewe stoo kukagua vifaa, akarudi na karatasi: reki saba, koleo tano, wilbaro nne, na mbili kati ya hizo hazina gurudumu. Akaniuliza kama vijana wanaweza kuzitengeneza, au tuwatafutie fundi. Nimemwambia awaulize wao.